Kidari cha Moshi kwa Mtindo wa Texas: Mwongozo Kamili Kutoka Bucha Hadi Trei

Ukiingia kwenye mgahawa wa nyama ya moshi mjini Austin saa tano asubuhi, milango ikiwa ndiyo kwanza inafunguliwa, kidari utakachokatiwa pale kaunta, yaani nyama ya kifua cha ng'ombe, kiliingia jikoni jana yake. Hakuna anayekupikia baada ya kuagiza. Nyama iliiva usiku, ikapumzika hadi asubuhi, na ikiisha imeisha. Saa nane mchana wanaweza kufunga hata kama foleni bado ipo. Mwongozo huu unahesabu saa kurudi nyuma kutoka saa tano hiyo, na unakaa zaidi kwenye mambo mawili yanayowaangusha wengi, yaani moto na mapumziko ya nyama. Viungo ni chumvi na pilipili manga tu, havitakupotezea muda.

Mtindo wenyewe ni wa Texas ya kati. Wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki waliofungua mabucha huko karne ya 19 walikuwa wakiibanika kwa moshi nyama iliyobaki bila kuuzwa, kisha wakiiuza imefungwa kwenye karatasi ya bucha, bila sahani. Kreuz Market ya Lockhart ilianza mwaka 1900, Louie Mueller ya Taylor mwaka 1949. Kisha kazi ikahamia mjini. Franklin Barbecue ilianzia kwenye trela huko Austin mwaka 2009, na mwaka 2024 Michelin, mwongozo wa kimataifa wa migahawa, ilipotoa nyota zake za kwanza Texas, migahawa minne ya nyama ya moshi ilipata nyota moja moja, mitatu kati yake ikiwa ya Austin. Bado watu wanakula kwa mikono juu ya karatasi.

Aliyezoea nyama choma aanze kwa kusahau makaa chini ya nyama. Hapa nyama haiuoni moto. Moto unakaa kwenye sanduku lake pembeni, joto na moshi vinapita juu ya nyama na kutokea kwenye dohani upande wa pili. Ndiyo maana kazi ya saa moja inakuwa ya saa kumi na mbili.

Ratiba ya siku nzima

Siku moja kabla ya kuuza, saa mbili asubuhi, kidari kinatoka kwenye friji, kinapunguzwa mafuta na kupakwa chumvi. Saa tatu moto unawashwa. Saa nne nyama inaingia, jiko likiwa kati ya nyuzi 120 na 130 za Selsiasi. Kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni inafungwa karatasi. Kati ya saa nne na saa sita usiku inatoka. Ikishapoa kidogo inaingia kwenye kabati la joto la nyuzi 63 hadi 65, na humo inabaki hadi saa tano asubuhi.

Wapo wanaopika usiku kucha na kutoa nyama alfajiri. Inawezekana, ila kidari kilichochelewa saa mbili hakina pa kuzifidia, na mteja wa kwanza atakula nyama ambayo haikupumzika. Ratiba ya mchana inakupa nafasi ya kukosea.

Kuchagua na kupunguza

Omba kidari kizima kisicho na mfupa, chenye sehemu zake zote mbili: upande bapa, ambao ni mwembamba na una mafuta machache, na upande mnene uliolala juu yake, wenye mafuta yaliyotambaa ndani ya nyama. Tabaka la mafuta ndilo linalozitenganisha. Marekani kidari kizima huwa na kilo 5.5 hadi 7. Kati ya madaraja yao, Prime ndiyo yenye mafuta mengi ya ndani, Choice inafuata, Select ni kavu mno kwa kazi hii. Choice iliyochaguliwa kwa jicho zuri inatosha kabisa. Kishike kidari katikati kwa mkono mmoja: ncha zikilegea, chukua, kikibaki kimenyooka kama ubao, rudisha. Upande bapa uwe na unene usiopungua sentimita 3 hata kwenye mwisho wake, vinginevyo utaukata na kuutupa.

Kwa aliye Afrika Mashariki, mabucha mengi hukikatakata kidari pamoja na mifupa kwa ajili ya supu, kwa hiyo toa oda siku moja kabla na useme wazi kwamba unakitaka kizima. Ng'ombe wa kienyeji atakupa kidari kidogo chenye mafuta haba. Kipike kwa nyuzi 115 hadi 120, kifunge mapema, na usikipunguze mafuta hata kidogo. Ng'ombe wa aina ya Boran aliyenoneshwa vizuri anakaribia zaidi kile kinachotakiwa.

Punguza nyama ikiwa baridi kutoka friji. Mafuta yakishalegea kisu kinateleza. Tumia kisu chembamba cha kutolea mifupa. Anza na lile bonge la mafuta magumu, meupe, lililojificha pembeni kati ya sehemu mbili. Mafuta hayo hayayeyuki hata kwa saa kumi na mbili, kwa hiyo chonga shimo na uyatoe. Geuza, ondoa utando mweupe wa upande wa chini. Kisha upande wa juu acha mafuta ya milimita 6, kila mahali sawa. Ukiacha zaidi, chumvi na moshi vinabaki kwenye mafuta ambayo mteja atayasogeza pembeni. Ukiacha chini ya hapo, nyama inakauka. Maliza kwa kuviringa pembe zote. Pembe inayotokeza inapigwa na upepo wa moto kutoka pande mbili na kugeuka mkaa.

Kilo moja hadi moja na nusu itaondoka. Usitupe. Nyama nyekundu inakwenda kwenye soseji au kima. Mafuta yakate vipande vidogo, yaweke kwenye sufuria juu ya moto mdogo kwa saa mbili au tatu, chuja. Utayahitaji jioni.

Chumvi na pilipili

Kwa kila kilo ya nyama iliyopunguzwa, gramu 10 za chumvi ya chenga na gramu 10 za pilipili manga iliyosagwa chenga. Kidari cha kilo 5 kinataka gramu 50 na 50. Pima kwa mizani, si kwa kijiko, kwa sababu kijiko cha chumvi laini ya mezani kina karibu mara mbili ya uzito wa kijiko cha baadhi ya chumvi za chenga, na hapo ndipo kidari kizima kinapoharibika kabla hata ya kuona moshi.

Pilipili iwe punje zilizovunjika, si unga. Unga unashikana na majimaji ya nyama, unakuwa tope, tope linaziba njia ya moshi na baadaye linakuwa chungu. Nunua nzima, kama ni ile ya Muheza au Zanzibar vizuri zaidi, itwange kwenye kinu kidogo kidogo na uchekeche unga utoke. Vumbi hilo litafaa kwenye pilau. Ukitaka gundi, paka haradali kwa utando mwembamba kabisa. Ladha yake haitabaki.

Nyunyiza kutoka kimo cha mkono ulioinuliwa ili punje zitawanyike sawasawa, chini, ubavuni, mwisho juu. Acha ikae saa moja hivi huku moto ukijengwa.

Jiko

Migahawa ya Texas hutumia matangi ya zamani ya gesi, mara nyingi ya galoni 1,000, sawa na lita 3,800 hivi, yaliyolazwa na kuunganishwa na sanduku la moto mwisho mmoja na dohani mwisho wa pili. Moja linabeba vidari zaidi ya kumi kwa mkupuo.

Kwa kuanzia, pipa la chuma la lita 200 lililolazwa linatosha vidari viwili. Sanduku la moto liwe na ujazo wa takriban theluthi moja ya chumba cha nyama. Dohani ianzie usawa wa wavu, si kwenye paa la pipa. Ikianzia juu, moshi unapanda na kutoka bila kuigusa nyama. Sanduku la moto ndilo linalohitaji chuma kinene, milimita 6 ikipatikana, maana chuma chembamba kinapoteza joto kila upepo unapovuma na wewe utashinda unakimbizana na moto. Mambo mawili usiyafanyie mzaha: pipa lililobeba kemikali usilipikie, hata ukiliosha mara ngapi, na mabati au wavu uliopakwa zinki usitumie, kwa sababu zinki ikipata moto mkali inatoa mvuke wenye sumu. Pipa la mafuta ya kula ndilo la kutafuta. Lichome moto mkali ndani hadi rangi yote iungue, kwangua, paka mafuta ya kupikia, washa tena kwa saa mbili.

Kipimajoto kilichofungwa mlangoni ni cha pambo. Kinasoma joto la paa, na tofauti yake na joto la usawa wa nyama inaweza kufika nyuzi 20 au zaidi. Weka kingine juu ya wavu, sentimita chache kutoka kwenye nyama, upande wa karibu na moto.

Kuni na moto

Texas ya kati wanatumia mwaloni wa aina ya post oak kwa sababu ndio ulioota karibu nao na moshi wake ni mpole. Magharibi ya jimbo wanatumia mesquite, ambao ni jamii moja na mathenge ya Baringo na Turkana. Moshi wake ni mkali. Unafaa makaa na nyama ya muda mfupi zaidi kuliko kidari cha saa kumi na mbili. Mwenye mathenge auchome kwanza uwe makaa pembeni, ndipo ayaingize. Mgunga na mpera hufanya kazi vizuri. Acha kabisa msonobari na miti yote yenye utomvu wa lami, mikaratusi kwa mafuta yake, na mabaki ya mbao za seremala zilizopakwa rangi au dawa.

Kuni ziwe zimekauka kwa miezi sita hadi kumi na miwili baada ya kupasuliwa, unyevu ukibaki asilimia 15 hadi 20. Huna kipimo? Gonganisha vipande viwili: kikavu kinalia kwa sauti kali, kibichi kinatoa mlio uliozibwa. Ncha za kikavu zina nyufa na gamba linabanduka kwa mkono. Urefu sentimita 30 hadi 40, unene wa kifundo cha mkono. Magogo manene hayafai hata yakiwa makavu, kwani yanafuka muda mrefu kabla ya kushika moto.

Anza na makaa yaliyokolea, sufuria moja kubwa, yapange kwenye sanduku, juu yake weka vipande viwili vya kuni. Acha mlango wa sanduku wazi hadi vishike moto kamili. Kisha rudisha mlango ubaki na mwanya wa vidole viwili vitatu. Dohani iwe wazi yote, tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi.

Hilo la dohani ndilo watu wanalolipinga. Jiko likipanda hadi nyuzi 150, mkono unakwenda wenyewe kuziba hewa. Usizibe. Moto ulionyimwa hewa haupoi vizuri, unafuka: kuni zinavunjika kwa joto bila kuungua, na zile gesi nzito ambazo mwali ungezimaliza zinakwenda kutua juu ya nyama baridi kama lami. Hapo ndipo unapozaliwa ule uchungu unaokaa nyuma ya ulimi na kuufanya ufe ganzi. Joto linatawaliwa kwa ukubwa wa moto. Likizidi, ruka zamu moja ya kuni au tawanya makaa. Likipungua, kipande kinachofuata kiwe chembamba zaidi ili kiwake upesi.

Angalia juu ya dohani. Moshi mzuri ni mwembamba, wa buluu hafifu, wakati mwingine unaona tu hewa ikicheza kwa joto. Moshi mweupe mzito kwa dakika mbili tatu baada ya kuongeza kuni si kitu. Ukidumu dakika kumi, ama kuni ni mbichi, ama hewa haitoshi, ama majivu yameziba sehemu ya chini ya sanduku. Fungua mlango, chokonoa, toa majivu. Moshi mweusi maana yake mwali ni mkubwa kuliko hewa inayoingia.

Kipande kimoja kila dakika 30 hadi 45, hiyo ndiyo zamu. Kipande kinachosubiri zamu kiweke juu ya sanduku kipate joto, ili kikiingia kishike moto papo hapo badala ya kufuka. Jiko likitulia kati ya nyuzi 120 na 130 kwa nusu saa bila wewe kuhangaika, nyama inaweza kuingia. Si kabla.

Saa sita za kwanza

Nyama iingie ikiwa bado na ubaridi, upande wa mafuta juu, upande mnene ukielekea kwenye moto kwa sababu ndio unaovumilia joto. Ikiwa jiko lako lina moto chini ya nyama, geuza mafuta yaelekee chini yawe ngao. Weka bakuli la chuma lenye maji kati ya moto na nyama. Unyevu unafanya uso wa nyama ubaki laini muda mrefu zaidi na kushika moshi zaidi.

Kisha funga mfuniko na uuache. Kila ukifungua, joto linatoka na saa zinaongezeka. Kuanzia saa ya tatu angalia kama kingo za upande bapa zinakauka au kubadilika haraka kuliko kwingine. Hapo nyunyiza maji yaliyochanganywa nusu kwa nusu na siki ya tufaha, kwenye kingo hizo tu, kila dakika 45. Kunyunyiza kwa mazoea kunaosha pilipili bila faida.

Ule ukanda mwekundu chini ya ukoko, ambao wateja wanaupiga picha, unatokana na gesi ya naitriki oksaidi ya kwenye moto inapokutana na rangi ya asili ya nyama. Unaacha kuongezeka nyama ikifika nyuzi 60 na kitu. Hauna ladha yoyote. Kidari kisicho na ukanda kinaweza kuwa kitamu kuliko chenye nao, kwa hiyo usiongeze moshi kwa ajili yake.

Nyama inapogoma

Mchana wa saa tisa au kumi, joto la ndani likiwa nyuzi 65 hadi 75, litasimama. Linaweza kusimama saa tatu, hata nne. Wakati mwingine linashuka nyuzi moja. Anayepika mara ya kwanza huamini kipimajoto kimeharibika, kisha huongeza kuni, na hilo ndilo kosa.

Nyama inatoa jasho. Maji yanayopanda kutoka ndani yanavukizwa juu ya uso, na uvukizi unaondoa joto kwa kasi ileile ambayo jiko linaliingiza. Ukiongeza moto wakati huo unachoma uso ilhali ndani pamesimama. Una njia mbili tu: kusubiri hadi uso ukauke, au kuzuia uvukizi kwa kufunga.

Funga pale masharti mawili yanapotimia pamoja. Joto la ndani liwe nyuzi 74 hadi 77, na ukoko uwe umeshika: ukikwaruza kwa ukucha pilipili haibanduki, na rangi ni kahawia iliyokaribia weusi. Ukoko ukiwa bado unabanduka, subiri hata kama namba imefika. Ukifunga mapema utabaki na uso wa kitoweo cha kuchemsha.

Tandika karatasi mbili za bucha zisizo na nta wala plastiki, upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 1.2, zipishane nusu. Zipake yale mafuta uliyoyayeyusha asubuhi, vijiko vitatu vinne. Laza nyama, kunja pande, viringisha kwa kubana. Karatasi iliyolegea inaacha nafasi ya mvuke, na mvuke unalainisha ukoko. Foili inaharakisha zaidi kwa sababu haipitishi chochote, lakini ukoko utalowa. Kwa kidari kidogo cha ng'ombe wa kienyeji foili ni uamuzi wa busara: bora ukoko laini kuliko nyama kavu.

Baada ya kufunga, moshi hauingii tena. Ukiwa na oveni na umechoka, malizia humo kwa nyuzi 125. Wapo watakaokuita mvivu. Nyama haitajua.

Imeiva lini?

Namba ni kati ya nyuzi 93 na 98, lakini namba inakuambia tu wakati wa kuanza kupima. Kinachoamua ni kijiti. Kuanzia 93, chomeka kijiti chembamba cha chuma sehemu nne: upande mnene, katikati, upande bapa, na ncha ya upande bapa. Kikizama kama kwenye siagi iliyoachwa mezani, tayari. Kikikwama katikati ya upande bapa, rudisha, pima tena baada ya nusu saa. Ugumu wa kidari ni kolajeni, ile nyuzi ya kuunganisha misuli ya kifua cha mnyama aliyebeba uzito wake maisha yote. Inageuka jelatini polepole, kwa joto na kwa muda kwa pamoja. Ndiyo maana vidari viwili vya uzito mmoja, jiko moja, vinaweza kupishana saa mbili.

Mtu anayesema "nyama imekauka" mara nyingi ana nyama ambayo haijaiva. Kipande kikivutika kama mpira na kuwa kikavu, kolajeni bado. Kikisambaratika ukikishika, kimepitiliza. Tiba zake hazifanani hata kidogo.

Mapumziko

Sehemu hii ndiyo inayoutenganisha mgahawa mzuri na mpishi wa Jumamosi nyuma ya nyumba. Kikitoka jikoni, fungua karatasi dakika 15 hadi 20 mvuke utoke, kwa sababu kikibaki kimefungwa moto kinaendelea kujipika nyuzi mbili tatu zaidi. Funga tena, kiache mezani hadi kishuke karibu na nyuzi 70, ndipo kiingie kwenye kabati la joto la nyuzi 63 hadi 65. Saa kumi humo hazikidhuru. Jelatini inakuwa nzito, majimaji yanatulia, na upande bapa ambao saa sita usiku ulionekana mgumu kidogo asubuhi unakatika vizuri.

Huna kabati? Chukua deli la barafu, lijaze maji ya moto kwa nusu saa, yamwage, tandika taulo, weka kidari kilichofungwa, jaza taulo juu hadi pasibaki hewa. Vidari viwili pamoja vinashika joto vizuri kuliko kimoja. Kitakaa juu ya nyuzi 60 kwa saa tatu hadi tano, kwa hiyo panga upya ratiba nzima ili nyama itoke alfajiri. Acha kipimajoto ndani. Chini ya nyuzi 60 bakteria wanaanza kuzaliana, na harufu haitakuonya.

Kukata na kuuza

Usikate kabla ya mteja kusimama mbele yako. Kipande kilichokatwa kinapoteza unyevu ndani ya dakika chache na kugeuka kijivu. Tumia kisu kirefu cha meno, sentimita 30, kwa sababu kisu laini kinavunja ukoko.

Nyuzi za sehemu mbili zinaelekea njia tofauti. Anza ncha ya upande bapa, kata kukingamia nyuzi, unene wa penseli, milimita 6 hivi. Ukifika pale upande mnene unapoanza kupanda juu, simama. Geuza kipande kilichobaki robo mzunguko, kipasue katikati, endelea na vipande vya milimita 9 au 10. Ukiendelea bila kugeuza, utakuwa unakata sambamba na nyuzi na nyama laini itatafunika kama kamba.

Ning'iniza kipande cha upande bapa juu ya kidole. Kijikunje bila kukatika, kisha kikatike kikivutwa kidogo. Kikiwa kigumu kidogo, kata vyembamba zaidi. Kikiwa laini mno, kata vinene. Hiyo si hila, ni kazi ya mkata nyama, na ndiyo sababu mkata nyama ni mmoja wa watu muhimu zaidi pale kaunta.

Texas wanauza kwa ratili, gramu 454, na mteja anaulizwa anataka ya mafuta au isiyo na mafuta, yaani upande mnene au upande bapa. Mkate mweupe, kitunguu kibichi na matango ya siki huwekwa pembeni. Mchuzi wa nyanya mtamu ni jambo la Kansas City zaidi. Hapa ukitolewa unakaa pembeni.

Msomaji Mwislamu aliye Texas aulize kabla ya kulipa. Mbavu mara nyingi ni za nguruwe, soseji mara nyingi zimechanganywa au kufungwa kwenye utumbo wa nguruwe, maharage huenda yana nyama hiyohiyo, na kisu na ubao ni vilevile kwa zote. Kidari cha ng'ombe peke yake hakitatui jambo hilo. Houston na Dallas wapo wapishi wa halali wanaofanya mtindo huuhuu.

Nyama nyingine zinapangwa kuizunguka saa tano. Mbavu za ng'ombe zinataka saa nane hivi. Mbavu ndogo za nguruwe saa tano au sita, kwa hiyo zinaingia saa kumi na moja alfajiri. Kifua cha bata mzinga saa tatu hadi nne. Soseji saa moja na nusu. Bega la kondoo nalo linakubali moshi vizuri, na mji wa Owensboro, Kentucky, umejijengea jina kwa nyama hiyo. Mbuzi pia anafaa, ila ni mkavu: mfunge mapema.

Hesabu isiyosamehe

Kidari cha kilo 6.5 kikipunguzwa kinabaki kilo 5.2. Kikiiva kinabaki kilo 3.2 hivi, maana mafuta na maji vimekwenda. Nusu ya ulichonunua haipo. Wateja 100 kwa gramu 200 kila mmoja ni kilo 20 zilizoiva, yaani kilo 40 mbichi, vidari sita au saba. Bei ya kuuza ianzie kwenye bei ya bucha mara mbili, kabla hujaongeza kuni, karatasi na mshahara wa anayekaa na moto. Ndiyo maana migahawa hii inategemea soseji, maharage na saladi ya viazi kupata faida; kidari kinaleta watu.

Kilichobaki jioni kipoze haraka: kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne nyingine. Kigawe kwanza katika vipande vidogo, kizima hakipoi kwa muda huo. Kesho yake kikatekate, kipashe hadi nyuzi 74, kiweke ndani ya mkate au maharage, usikiuze kama vipande vya kidari. Na kabla ya kuwasha tena, kwangua mafuta yaliyoganda chini ya chumba cha nyama na utoe majivu yote ya jana. Mafuta hayo yakishika moto kukiwa na vidari sita juu yake, hakuna cha kuuza saa tano.